Taa ya Tangi la Samaki: Namna ya Kuichagua, Kuifunga na Kuiwasha Bila Kukaribisha Mwani

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Mtu amenunua taa kali, ameifunga, na wiki ya tatu vioo vimevaa kijani, mawe yameota manyoya na mimea imefunikwa utando. Mwingine analia kinyume chake: alitumia taa iliyokuja na tangi, na mimea imerefuka, imepauka, majani ya chini yanadondoka mmoja baada ya mwingine.

Karibu makosa yote hayo yana chanzo kimoja. Taa inanunuliwa kabla mwenye tangi hajajua inamulika nani, kisha inawashwa kwa nguvu zote tangu siku ya kwanza. Hapa tunaanzia upande wa pili: mimea na kina cha maji kwanza, taa baadaye. Fuata hatua kwa mpangilio wake, na usinunue chochote kabla ya kumaliza hatua ya 4.

## Vitu vya kuandaa

- Futikamba.
- Taima ya kuchomeka kwenye soketi. Hii si ya hiari, na utaona sababu yake.
- Taa yenye kidhibiti cha ukali wa mwanga, au kidhibiti kinachouzwa peke yake kinacholingana na volti na aina ya taa hiyo.
- Simu yenye kihisi cha mwanga na programu ya kupimia luksi, yaani ukali wa mwanga unaofika mahali fulani. Programu hizo zipo nyingi za bure.
- Swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, kama nyumba haina.
- Kitambaa laini na siki nyeupe ya kuondolea ukoko wa chokaa.
- Daftari, au mahali pa kuhifadhi picha na tarehe.

## Hatua ya 1: Jua unamulika nani

Weka tangi lako katika moja ya makundi haya manne.

Samaki peke yao. Samaki hawahitaji mwanga mkali. Wanachohitaji ni mchana na usiku unaotabirika. Taa hapa ni kwa ajili ya macho yako, na taa dogo linatosha. Samaki waliotoka kwenye mito yenye kivuli na maji ya rangi ya chai, kama neon tetra, hupauka na kujibanza pembeni ukiwamulika sana.

Mimea ya mwanga hafifu. Anubias, Microsorum pteropus, mosi ya Java, Bucephalandra na aina nyingi za Cryptocoryne. Hukua polepole na huvumilia mengi.

Mimea ya mwanga wa kati. Vallisneria, Echinodorus, Hygrophila, Rotala rotundifolia. Bila gesi ya kaboni dioksidi huishi, ila hukua taratibu.

Mimea ya mwanga mkali. Hii ni ile inayotandaza zulia chini, kama Hemianthus callitrichoides na Glossostigma, pamoja na ile myekundu sana kama Rotala macrandra. Kama huna mtungi wa kaboni dioksidi na huna ratiba ya mbolea, usiingie kundi hili. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanaoniuliza kuhusu mwani wamenunua taa ya kundi la nne kwa mimea ya kundi la pili.

Sababu ya kuwa mkali hapa ni hii. Mwanga haulishi mimea. Mwanga huipa mimea njaa. Kadiri unavyouongeza, ndivyo mmea unavyodai kaboni, nitrojeni, fosforasi, potasiamu na chuma kwa haraka zaidi. Ni sawa na moto mkubwa chini ya sufuria: chakula kitaiva upesi, lakini mchuzi nao utakauka upesi, na asiye tayari kuongeza maji ataunguza. Kimoja kati ya virutubisho kikipungua, mmea unasimama kukua. Mwani, ambao unaridhika na kidogo sana, unachukua mwanga uliobaki.

Ukichanganya makundi, chagua taa kwa kundi la chini, na mimea inayotaka zaidi iweke katikati, chini ya taa moja kwa moja. Anubias ipeleke pembeni au chini ya kivuli cha gogo. Jani lake hudumu muda mrefu sana bila kubadilishwa na jipya, na jani la namna hiyo likikaa kwenye mwanga mkali hujaa nukta za kijani ngumu kuondoa.

Hatua hii imekamilika ukiweza kutaja kundi moja tu. Ukijikuta unasema "kati ya la pili na la nne", bado hujachagua.

## Hatua ya 2: Pima kina, si ujazo tu

Pima kutoka mahali taa itakapokaa hadi juu ya changarawe. Usitumie urefu wa kioo ulioandikwa na muuzaji, kwa sababu ndani yake kuna unene wa changarawe, na taa nyingi hukaa juu zaidi ya ukingo.

Mwanga hutawanyika kadiri unavyosafiri. Kwa nukta moja ya mwanga, ukiongeza umbali mara mbili, ukali unabaki robo. Taa ndefu iliyolala juu ya tangi haipungui kwa kasi hiyo, lakini mwelekeo ni huo huo. Ndiyo maana taa moja inaweza kuunguza mimea kwenye tangi la sentimita 25 na ikashindwa kabisa kwenye tangi la sentimita 60, hata kama matangi hayo mawili yana lita sawa.

Andika namba tatu: urefu wa tangi, upana wake, na umbali wa taa hadi changarawe.

## Hatua ya 3: Jifunze kusoma boksi la taa

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa, kwa hiyo tusiharakishe.

Wati. Hiki ni kipimo cha umeme unaoliwa, si cha mwanga unaotoka. Kanuni ya zamani ya kuhesabu wati kwa kila lita ilitokana na taa za mirija, wakati mirija yote ilikuwa na ufanisi unaokaribiana. Leo haina maana. Taa ya wati 20 ya balbu ya zamani ya waya hutoa takriban lumeni 200. LED ya wati 20 inaweza kutoa 2,000. Wati zinakusaidia kujua gharama tu: wati 20 kwa saa 8 kila siku ni uniti 4.8 za umeme kwa siku 30.

Lumeni. Hiki ni kiasi cha mwanga kinachotoka, kikipimwa kwa jinsi jicho la binadamu linavyouona. Jicho letu linaona kijani vizuri kuliko rangi zote, na kilele chake ni nanomita 555. Mmea hauoni hivyo. Hata hivyo, kwa taa nyeupe, lumeni bado ni mwongozo mzuri. Kwa taa za bluu tupu au za zambarau, zisahau, kwa kuwa zitaonyesha namba ndogo hata kama mmea unapata mwanga mwingi.

Fanya ukaguzi mdogo: gawanya lumeni kwa wati. LED nyingi nzuri hutoa lumeni 80 hadi 120 kwa wati. Taa ya tangi ikidai 200 na zaidi, itilie shaka. Boksi lisilo na lumeni kabisa, lenye "taa kali sana" na picha ya samaki, lirudishe rafuni.

Kelvini. Hii ni rangi ya mwanga mweupe. 2,700 ni manjano ya balbu ya sebuleni, 6,500 ni weupe wa mchana, 10,000 ni weupe unaoelekea bluu, na 14,000 hadi 20,000 ni bluu ya matangi ya matumbawe. Kelvini hazikuambii mwanga ni mkali kiasi gani. Taa ya 10,000 haina nguvu kuliko ya 6,500 kwa sababu tu namba ni kubwa. Kwa mimea ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, popote kati ya 5,000 na 7,500 ni sawa, na ndani ya hapo chagua kinachokupendeza machoni.

CRI. Hii ni namba inayoonyesha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa ukweli, na mwisho wake ni 100. Chini ya 80, samaki wekundu wanaonekana kama wamepakwa majivu. Mimi hutafuta 90. Mmea hautakufa kwa CRI ndogo. Wewe ndiye utakayechoka kulitazama tangi.

PAR. Huu ndio mwanga ambao mmea unautumia kwenye usanisinuru, kati ya nanomita 400 na 700. Wingi wake hupimwa kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Mtengenezaji akitoa PAR, angalia ametaja umbali gani. PAR 100 iliyopimwa sentimita 10 chini ya taa haikusaidii chochote kwenye tangi lako la sentimita 45. Kwa makadirio, mimea ya mwanga hafifu inaridhika na 15 hadi 30 kwenye changarawe, ya kati 30 hadi 50, na ile ya mwanga mkali hutaka zaidi ya 50.

Pembe ya mwanga. LED nyingi za tangi zina pembe ya nyuzi 90 hadi 120. Pembe nyembamba huchimba chini vizuri kwenye tangi lenye kina kirefu lakini huacha pembe za mbele na nyuma gizani. Kwa tangi la kawaida, 120 ni salama.

IP. Hiki ni kiwango cha kinga dhidi ya vumbi na maji. IP44 huhimili matone ya maji yanayoruka, IP65 huhimili maji yanayorushwa kwa mpira, IP67 huhimili kuzama kwa muda mfupi. Taa inayokaa juu ya tangi lisilo na mfuniko isiwe chini ya IP65. Taa isiyo na namba hii kabisa si ya kukaa juu ya maji.

Kuhusu aina ya taa: kama unaanza leo, nunua LED. Mirija ya T5, ile myembamba ya fluoresenti, bado inamulika vizuri sana na kwa usawa, ila hufifia, na wengi hubadilisha mirija kila miezi 9 hadi 12. Metali halaidi hutoa joto jingi na sioni sababu ya anayeanza kuzigusa.

## Hatua ya 4: Piga hesabu, kisha nenda dukani

Tafuta lita za maji halisi: urefu mara upana mara kina cha maji kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Kisha tumia viwango hivi kwa tangi lenye kina kisichozidi sentimita 40 hivi:

- Samaki peke yao: hadi lumeni 10 kwa lita.
- Mwanga hafifu: lumeni 10 hadi 20 kwa lita.
- Mwanga wa kati: lumeni 20 hadi 40 kwa lita.
- Mwanga mkali: zaidi ya 40 kwa lita, pamoja na kaboni dioksidi.

Chukua tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36. Kwa vipimo vya nje ni karibu lita 65, lakini ukitoa changarawe na nafasi ya juu, maji ni kama lita 50. Unataka Anubias, Cryptocoryne na mosi. Lumeni 15 mara 50 ni 750. Ukitaka Vallisneria na Hygrophila, lumeni 25 mara 50 ni 1,250.

Sasa nunua taa yenye uwezo zaidi kuliko unavyohitaji, ilimradi ina kidhibiti. Taa ya lumeni 1,500 iliyoshushwa hadi nusu inakupa 750, na ukibadilisha mimea mwakani hununui nyingine. Taa isiyo na kidhibiti inunue tu kama hesabu yake inakaa pale pale unapotaka.

Urefu wa taa nao ni muhimu. Itafute inayokaribia urefu wa tangi. Taa ya sentimita 30 katikati ya tangi la sentimita 60 itachoma katikati na kuacha ncha mbili gizani, hata kama lumeni zake zinatosha kwenye karatasi. Tangi likiwa na upana wa zaidi ya sentimita 45 mbele hadi nyuma, fikiria taa mbili nyembamba badala ya moja.

## Hatua ya 5: Funga taa kwa usalama

Maji na umeme vinakaa sentimita chache tu kutoka kwa kimoja hadi kingine, na mikono yako itaingia humo kila wiki. Usiruke chochote hapa.

1. Pitisha waya wa taa ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia humo. Tone la maji likitembea juu ya waya litadondokea pale waya unapopinda chini, badala ya kuingia kwenye plagi.
2. Adapta ikae pembeni, ikiwa imeinuliwa kutoka sakafuni, kamwe si chini ya tangi moja kwa moja wala juu ya mfuniko.
3. Unganisha vifaa vyote vya tangi kupitia swichi ya usalama ya miliampia 30. Ina kitufe cha majaribio. Kibonyeze uone kama umeme unakatika.
4. Hakikisha miguu ya taa inashika kioo na haitelezi. Isukume kidogo kwa kidole. Ikicheza, haijafungwa.
5. Acha hewa ipite juu ya taa. LED humwaga joto kwa mgongo wake, na taa iliyozibwa kwa kitambaa au kitabu hufa mapema.

Onyo: chomoa taa kila unapoingiza mikono kwa kazi ndefu. Taa ikidumbukia majini, usiikamate. Kata umeme kwanza ukutani.

## Hatua ya 6: Pima mwanga kwa simu kabla ya kujaza maji

Kipimo halisi cha PAR ni ghali na si lazima ukinunue. Simu inatosha kwa makadirio, tena wakati mzuri ni sasa, tangi likiwa kavu.

Zima taa za chumba na funga pazia. Weka simu kwenye changarawe, uso juu. Kihisi cha mwanga kwa kawaida kiko karibu na spika ya sikio, kwa hiyo hiyo ndiyo sehemu ya kuielekeza kwenye taa, bila kuifunika kwa kivuli cha kichwa chako. Soma luksi katikati, kwenye pembe nne, na nusu ya njia kati yao.

Kwa LED nyeupe, luksi 1,000 ni kama PAR 15. Hivyo:

- Luksi 1,000 hadi 2,000 kwenye changarawe ni mwanga hafifu.
- Luksi 2,000 hadi 3,300 ni mwanga wa kati.
- Zaidi ya hapo unaingia eneo la kaboni dioksidi.

Simu hutofautiana, na maji yatabadilisha namba kidogo, lakini utakuwa umejua uko kundi gani. Manufaa makubwa zaidi ni kulinganisha mahali na mahali. Katikati ikisoma 3,000 na pembe 800, umeshajua Anubias inakaa wapi.

Ukiona tofauti ni kubwa mno, inua taa sentimita 5 hadi 10. Ukali wa katikati utashuka na mwanga utasambaa. Hakuna njia rahisi kuliko hiyo ya kusawazisha, na watu wengi hawaijaribu kwa sababu taa ilikuja na miguu mifupi.

Chora mchoro mdogo wa namba hizo daftarini. Utauhitaji.

## Hatua ya 7: Panga saa, kisha uiachie taima

Anza na saa 6 kwa siku. Nguvu ya taa iwe karibu nusu ya kile ulichokokotoa. Kaa hapo wiki mbili za kwanza, kwa sababu mimea mipya haina mizizi ya maana bado na haiwezi kutumia zaidi ya hapo.

Kuanzia wiki ya tatu, ongeza kitu kimoja tu kwa wiki: ama nusu saa, ama asilimia 10 ya nguvu. Simama ukifika saa 8. Saa 10 ni mwisho, na sioni tangi la nyumbani la maji baridi linalozihitaji.

Wengi hujaribu kufidia taa dhaifu kwa kuiacha saa 14. Haifanyi kazi. Kila mmea una kiwango cha chini cha mwanga ambapo sukari inayotengenezwa inalingana tu na ile inayoliwa na mmea wenyewe kwa kupumua. Chini ya hapo, mmea unakula akiba yake hata taa ikiwaka mchana kutwa. Mwani una kiwango cha chini zaidi, kwa hiyo saa hizo za ziada ni zawadi kwake.

Taima ni ya lazima kwa sababu mkono wa binadamu hausahau mara moja. Husahau mara kwa mara, na siku moja ya saa 15 huharibu wiki nzima ya utaratibu. Samaki nao hujifunza ratiba. Baada ya muda utawaona wakisogea mbele kabla taa haijawaka.

Mambo mengine ya ratiba:

- Panga taa iwake unapokuwa nyumbani. Kama unarudi jioni, iwake saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Mimea haijali jua la nje limezama.
- Washa taa ya chumba dakika 15 hadi 30 kabla ya taa ya tangi. Samaki hawana kope za kufumba, na mwanga wa ghafla huwafanya wajirushe kwenye vioo au nje ya tangi.
- Unaweza kugawa siku mara mbili, asubuhi kwa muda wa saa 4 na jioni kwa muda wa saa nyingine 4. Inasaidia ratiba yako zaidi kuliko inavyozuia mwani. Kinachohesabika ni jumla.
- Taa ya bluu ya usiku ni pambo. Izimwe nayo unapolala. Samaki wanahitaji giza la kweli.
- Kama una kaboni dioksidi, ifungulie saa moja hadi mbili kabla ya taa na uifunge saa moja kabla taa haijazima. Usiku mimea haiitumii; nayo inavuta oksijeni kama wafanyavyo samaki.
- Tangi lililo dirishani hupata jua ambalo taima haiwezi kulizima. Lihamishe, au ziba upande huo.

## Hatua ya 8: Soma majani mapya

Usihukumu taa kwa majani uliyonunua nayo. Mimea mingi ya dukani hukuzwa hewani, juu ya maji, na majani hayo huoza yakizamishwa. Cryptocoryne inaweza kuyeyuka yote ndani ya siku chache baada ya kupandwa, mizizi ikabaki hai, na kuchipua upya. Hiyo si dosari ya taa. Anayeongeza mwanga wakati huo anamulika tangi lisilo na majani.

Tazama machipukizi. Piga picha kila wiki, pembe ile ile, taa ikiwa imewaka.

Mwanga ni mdogo ukiona pingili za shina zinarefuka na majani kuachana. Majani ya chini yanadondoka huku ncha ikikimbilia juu. Mmea mwekundu unatoa majani ya kijani. Mmea wa zulia unasimama badala ya kutambaa. Ongeza nguvu, si saa. Kabla ya hapo futa kioo cha mfuniko na ng'oa mimea inayoelea, maana mara nyingi mwanga umeibiwa njiani.

Mwanga ni mwingi ukiona nyuzi za kijani kwenye ncha za majani, nukta ngumu za kijani kwenye vioo zinazorudi siku chache baada ya kukwanguliwa, au machipukizi yanayotoka madogo, yaliyopauka na kujikunja. Hili la mwisho huwachanganya watu. Machipukizi yaliyopauka mara nyingi ni njaa ya virutubisho iliyosababishwa na mwanga, na dawa ya haraka ni kushusha nguvu ya taa, kisha kutazama mbolea.

Si kila mwani ni kosa la taa:

*Vumbi la kahawia* linalofutika kwa kidole, kwenye tangi jipya, ni diatomu, aina ya mwani mdogo sana. Huja wiki za mwanzo na huondoka lenyewe. Futa, badilisha maji, usiguse taa.

*Nyuzi za kijani* ni alama ya mwanga uliopita uwezo wa kaboni na mbolea. Zizungushe kwenye mswaki uzitoe, punguza nguvu kwa asilimia 20, shusha hadi saa 6, na usubiri wiki mbili kamili kabla ya kubadilisha kingine.

*Maji ya kijani kibichi* ni mwani unaoelea, na mara nyingi una jua la dirishani au amonia nyuma yake. Kubadilisha maji peke yake hakutoshi. Zima taa na funika tangi siku 3 hadi 4, washa pampu ya hewa muda wote kwa sababu mwani unaokufa unakula oksijeni, kisha badilisha nusu ya maji.

*Utando laini wa bluu-kijani wenye harufu* ni bakteria. Unyonye kwa mpira wakati wa kubadilisha maji na safisha mahali maji yanapotuama.

Dalili za kufaulu ni hizi: jani jipya linatoka likiwa na umbo sawa au kubwa kuliko lililotangulia, pingili ni fupi, na vioo vinahitaji kufutwa mara moja kwa wiki au chini yake. Saa chache baada ya taa kuwaka unaweza kuona vipovu vidogo kwenye kingo za majani, kimoja kimoja vikipanda juu. Ni oksijeni, na maana yake maji yamejaa hadi oksijeni nyingine haiwezi tena kuyeyuka humo. Lakini usivihesabu mara tu baada ya kubadilisha maji. Vipovu vya saa hiyo ni hewa ya bomba inayojitenga na hushika hata mawe. Mimea kama Limnophila hukunja ncha zake jioni. Ikianza kukunja muda mrefu kabla ya taima kuzima, imeshapata ya kuitosha, na dakika zilizobaki unaweza kuzipunguza.

## Kama tangi ni la maji chumvi

Kwa samaki tu, hayo ya juu yanatosha. Matumbawe ni habari nyingine. Ndani ya tishu zao huishi mwani mdogo sana unaowalisha, na mwani huo umezoea mwanga wa baharini, ambapo maji humeza wekundu kwanza na kuacha bluu kupenya chini. Ndiyo sababu taa zao huwa za 14,000 Kelvini na kuendelea, na lumeni hazisemi chochote. Tafuta PAR iliyopimwa: matumbawe laini huridhika na 50 hadi 150, na yale ya mawe yenye matawi madogo hutaka 200 hadi 350.

Tumbawe jipya liweke chini kabisa ya tangi, kisha lipandishe polepole kwa wiki kadhaa. Likipata mwanga mkali ghafla hutema mwani wake na kubaki jeupe, na mara nyingi halirudi.

## Kuitunza taa

Chumvi na chokaa huganda kwenye mfuniko na kwenye kioo cha taa bila wewe kuona. Chomoa, acha ipoe, pangusa kwa kitambaa chenye siki nyeupe, kisha kwa maji safi. Fanya hivyo kila unapobadilisha maji.

LED haizimiki ghafla kama balbu, hufifia. Nyingi hukadiriwa kudumu saa 30,000 hadi 50,000 kabla ya kushuka hadi asilimia 70 ya mwanga wake. Kwa saa 8 kwa siku hiyo ni miaka 10 na zaidi kwenye karatasi, ingawa adapta na kidhibiti huharibika mapema zaidi. Rudia kipimo cha simu mara moja kwa mwaka, simu ile ile, juu ya maji mahali pale pale, na linganisha na kipimo cha mwaka uliotangulia.

Siku utakayobadilisha taa au mirija, irudishe nguvu hadi nusu na saa ziwe 6, hata kama mimea ni ile ile. Taa mpya ya wati zile zile inaweza kumulika zaidi kuliko iliyochoka, na mimea iliyozoea kidogo inahitaji wiki tatu au nne kupandishwa tena.